Tupeane uzoefu: mlau na maisha ya Mto Rufiji

Wadau wa Utete, Ikwiriri na wa deltani, tupeane uzoefu wa mto wetu. Taja vipimo na kinachoharibu.

— Naanza na mlau, yaani kilimo cha bondeni baada ya mafuriko kupungua. Maji ya masika yakishuka, Mei au Juni kutegemea mwaka, mahindi na kunde hupandwa kwenye udongo ulioachwa na mafuriko. Usikimbilie. Finyanga tonge la udongo wa chini: likichuruza maji, ngoja, likishikana bila kunata kiganjani, panda. Kwangua ganda kavu la juu, chimba mpaka ufikie ubichi, tia mbegu 3, fukia kwa udongo mbichi, si vumbi. Nafasi ya mahindi ni sentimita 75 kwa 60, baadaye ng'olea yabaki mashina 2. Palilia mapema na magugu yalaze palepale yafunike ardhi, maana mvua hapo haitegemewi. Unyevu ulio chini ndio wa kukufikisha kwenye mavuno.

— Naongezea, mkuu. Udongo mweusi wa mfinyanzi ukikauka hupasuka, na ufa hukata mizizi. Ukiona nyufa nyembamba tu, tifua juujuu uzizibe. Zikishapanuka umechelewa.

— Na dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, lijengwe kabla mahindi hayajabeba. Mchana ngedere, usiku nguruwe pori. Shamba lisilolindwa halimalizi wiki.

— Jamani, kalenda ya wazee peke yake haitoshi tena. Tangu Bwawa la Julius Nyerere, lililo huko juu kwenye mto huu, lianze kujazwa Desemba 2022, maji ya huku chini yanafuata pia milango ya bwawa. Kabla ya kupanda bondeni, ulizeni serikali ya kijiji kama kuna taarifa ya kufungulia maji.

— Kina mama wanaoteka maji: msirudie sehemu moja saa ileile kila siku, mamba hujifunza. Kila sehemu ya kutekea izungushieni uzio wa miti iliyosongamana, na mtumie kopo lenye mpini mrefu. Mti mmoja ukioza, uzio mzima ni bure.

— Kambale sasa. Ute utoe kwa majivu, pasua, toa matumbo, paka chumvi, acha achuruze maji ndipo umweke juu ya uchaga. Moto uwe wa moshi, bila ndimi. Ukiwaka sana, ngozi inakauka haraka na nyama ya mfupani inabaki mbichi. Huyo ataingia funza kabla hajafika sokoni. Mvunje karibu na uti wa mgongo: ukiona wekundu, mrudishe motoni.