Barakoa mlangoni mwa duka: tupeane uzoefu

Binti wa Muheza
Habari zenu wapendwa. Jana napanga kabati, tunahama nyumba, nikakuta barakoa ya kitenge ya wakati wa corona chini ya mashuka. Zile za kushonwa, lastiki mbili, ndani kitambaa cheupe. Nilikaa kitandani nikashindwa kuendelea na kazi. Nimekumbuka supamaketi moja hapa Dar, Aprili 2020, Makonda, mkuu wa mkoa wakati huo, ameshatangaza kwamba kuanzia tarehe 20 kila mtu avae akitoka. Mlangoni ndoo ya maji tiririka, sabuni imezimuliwa mpaka haitoi povu, mlinzi ana kile kipimajoto cha kukulenga kwenye paji la uso. Mimi barakoa nimeiacha nyumbani. Mama mmoja anatoka na mifuko yake, akavua ya kwake akanipa: "Mwanangu chukua, ingia, nakusubiri hapa." Nikaivaa ikiwa bado na joto la pumzi yake. Nikanunua unga na mafuta, nikatoka nikamrudishia, nikamwambia Mungu akubariki. Mpaka leo ninasisimka nikiwaza.

Tupeane uzoefu. Wewe dukani kulikukuta nini? Ulivaa, ulikataa, ulisemwa?

Mtoto wa Mbagala
Kuazimana tumeazimana sana. Kuna kijana alikuwa anakodisha shilingi mia mbili, ukitoka unamrudishia anampa anayefuata. Na foleni ilikuwepo.

Fundi Cherehani Temeke
Mada imenigusa. Aprili na Mei ile sikushona gauni hata moja, nilishona barakoa usiku na mchana. Vipande vya vitenge nilivyokuwa nawapa watoto wachezee vikawa mali. Mwanzo nilizitoa mia tano, nikapanda hadi buku kwa sababu lastiki iliadimika Kariakoo. Niliivuta lastiki kwenye shuka za kwangu mwenyewe, hizi za kukaza kwenye godoro. Watu walinigombania.

Kisha takwimu za corona zikakoma, tukabaki na wagonjwa 509 kwenye taarifa. Juni ikatangazwa kwamba corona imekwisha, vyuo vikafunguliwa, mwisho wa mwezi shule. Nilibaki na mfuko mzima wa salfeti umejaa barakoa. Wateja walewale wakipita wananiuliza, "Fundi, bado unauza vitambaa vya woga?" Neno hilo liliniuma, maana nilishona kwa moyo. Nilipima kila moja usoni kwangu kwanza nione kama mtu atapumua.

Dada Mkubwa
"Vitambaa vya woga" nimelisikia kwa masikio yangu. Kweli kabisa.

Mvita
Hapa kwetu Mombasa twaiita maski. Na kwetu haikuwa hiari: faini elfu ishirini au miezi sita ndani. Wengi walivaa ya kidevuni, akimwona askari aipandisha, askari akipita aishusha. Mamangu alikuwa na duka la nafaka, aliwekewa kibao "bila maski huhudumiwi". Sasa yuaja mzee wa mtaa, rafiki wa marehemu babangu, hana maski, ataka kilo mbili za maharagwe. Umfukuze vipi? Mama alimtolea kiti nje, akampimia, akampelekea palepale. Akawa afanya hivyo kila siku mpaka sharti lilipoondolewa Machi 2022. Adabu ya mtu ilibaki na duka halikufungwa.

Kijana wa Karatu
Mimi nitasema ukweli hata kama hamtaupenda. Barakoa ilikuwa biashara. Wamachinga wa Kariakoo hawakuvaa na wako hai. Sisi hatukufungiwa ndani, watu walikula, majirani zetu waliteseka na kafyu tangu Machi 2020. Tushukuru.

Muuguzi Mstaafu
Mwanangu wa Karatu, kutofungiwa ndani ni jambo moja, kuvaa barakoa ni jambo lingine. Ungeweza kufungua duka lako asubuhi mpaka usiku na bado ukavaa. Na hao wamachinga unawaona kwa sababu ndio waliobaki. Mimi nilikuwa wodini.

Kijana wa Karatu
Mama nakuheshimu, ila kila mtu ana alichokiona.

Keshia wa Zamani
Huwa nasoma tu humu bila kuandika. Leo nimeshindwa.

Februari 2021 nilikuwa keshia kwenye duka la jumla, Moshi mjini. Mama yangu ana sukari, tunaishi wawili chumba na sebule. Misiba ilikuwa kila siku, unapita mtaani maturubai mawili matatu. Nikaanza kuvaa barakoa kazini, peke yangu, duka zima. Wateja walinisema. Mmoja aliniambia, "We binti umetumwa na mabeberu?" Mwingine alikataa kupokea chenji mkononi mwangu, akidhani naumwa ndiyo maana nimejifunika. Nikavumilia.

Siku ya tano bosi akaniita stoo. Akasema unatisha wateja, wanadhani hapa kuna ugonjwa, kama unataka kuvaa kavalie kwenu. Nilikuwa nadaiwa kodi miezi miwili. Nikaivua nikaiweka kwenye mkoba.

Wiki haijaisha, babu wa stoo akaanza kukohoa. Akaletewa tangawizi na limao kwenye chupa ya chai, akaambiwa akajifukize nyungu. Alikuwa anakuja kaunta kila saa kuleta mahesabu, ananiinamia kabisa kwa sababu macho yake hayaoni vizuri. Tarehe 17 Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, akafariki. Jumapili ya tarehe 21 Rais Magufuli mwenyewe akahimiza watu wavae barakoa, zile za kutengenezwa hapahapa. Jumatatu bosi akatuwekea boksi mlangoni.

Jumatatu hiyohiyo mama alishindwa kupanda ngazi mbili za kwetu.

Sitaelezea hospitali. Nitasema tu kwamba mtungi wa oksijeni ulikuwa mmoja na wagonjwa chumbani walikuwa wanne. Alikaa siku sita. Waliandika nimonia. Msibani kila mtu alisema "changamoto ya upumuaji", na nilipovaa barakoa makaburini mjomba aliniambia nivue, nisiitie familia aibu. Bosi alikuja kutoa rambirambi. Alivaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, akasimama mbali, bahasha akampa mtu aniletee.

Sijui kama ni mimi niliyempelekea mama. Hakuna aliyepimwa. Lakini ninakumbuka uzito wa ile barakoa ndani ya mkoba.

Dada Mkubwa
Pole mdogo wangu. Pole sana. Nalia hapa ofisini.

Fundi Cherehani Temeke
Pole binti yangu.

Mtoto wa Mbagala
Huyo bosi wako mtafute umwambie usoni. Mimi nisingekaa kimya.

Mama wa Kibaigwa
Amtafute wa nini? Ajichome upya? Msamehe mwanangu, fanya hitma au misa kulingana na imani yenu, lala usingizi.

Mtoto wa Mbagala
Kusamehe bila kusema ni kumezea tu.

Kijana wa Karatu
Dada, pole. Niliyoandika juu nayaacha yalivyo, lakini hili la kumvua mtu barakoa kwa nguvu ya kodi sikulijua. Si haki.

Mswahili wa München
Poleni. Huku Ujerumani dukani ilikuwa amri tangu Aprili 2020, na hapa Bavaria kuanzia 18 Januari 2021 ikawa lazima zile nene za FFP2. Msidhani watu walikubali wote. Septemba 2021, mji wa Idar-Oberstein, kijana wa miaka 20 aliyekuwa kaunta ya kituo cha mafuta alimwambia mteja avae barakoa. Mteja akaenda akarudi, akampiga risasi akamuua. Mimi wakati huo nilikuwa kaunta pia, duka la mikate. Wiki nzima nilikuwa nikiangalia mikono ya watu badala ya nyuso. Keshia ndiye anayebebeshwa sheria asiyoitunga, awe Moshi au huku.

Muuguzi Mstaafu
Umesema vyema. Na wewe Keshia nisikilize kama mama yako: ugonjwa ule ulipita kwa watu kumi kabla haujamfikia mmoja. Nilichanjwa Agosti 2021, chanjo ilipoanza, na bado nilijiuliza nani niliyempelekea nani. Hutapata jibu. Kula, lala, nenda kaongee na mtu ana kwa ana, si humu tu.

Binti wa Muheza
Keshia, nilianzisha mada nikidhani tutakumbushana foleni na ndoo. Asante kwa kutuamini. Samahani nikuulize, na yule babu wa stoo?

Keshia wa Zamani
Alipona. Amerudi Kibosho, ana kahawa kidogo na ng'ombe mmoja. Hunipigia kila Jumapili baada ya misa. Huanza kwa kuuliza nimekula nini, anamaliza kwa kusema nimsalimie mama. Sijawahi kumwambia.