Pafyumu ya laki tatu na nusu: ninunue au niache?

MamaMizani
Wakuu, habari za jioni. Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, lakini leo sijaja na habari za dagaa. Kuna pafyumu inaitwa Baccarat Rouge 540, ya Maison Francis Kurkdjian. Niliisikia kwa mteja wangu, mama mmoja wa Kikongo anayefungasha mzigo wa Lubumbashi, na tangu siku ile haijanitoka puani. Inaanza na sukari inayoungua kwa mbali, halafu kinafuata kitu cha baridi kama zahanati iliyopigwa deki asubuhi. Msinicheke, ndivyo ninavyoisikia mimi.

Duka moja la mjini wana chupa ya mililita 70 kwa laki tatu na nusu. Kijana kaniambia, "Mwisho laki tatu na ishirini, kwa vile ni wewe mama." Hela ipo, na si ya kikoba. Giza lililopita dagaa walitoka vizuri. Sasa ni mbalamwezi, mitumbwi imelala, ndiyo maana napata muda wa kuzurura madukani. Mzee wa nyumbani kasema hiyo ni ada ya mtoto. Nikamuuliza ada ipi ambayo haijalipwa, akahamia kwenye Simba na Yanga.

Kinachonikwaza: nilipuliziwa mkononi palepale dukani, nikapanda daladala, hata kituo cha Furahisha hatujafika siisikii tena. Laki tatu inayeyuka hivyo? Halafu kazi yangu mnaijua. Pafyumu ya bei kali inaishinda harufu ya dagaa, au nitanuka dagaa wa kitajiri?

PuaYaNyegezi
Dada, anzia kwenye bei. Mililita 70 za kitu hicho, dukani kwao Marekani, zinapita dola 300. Kwa hela yetu hiyo ni zaidi ya laki saba, kabla ya usafiri na ushuru. Sasa huyo kijana anapata wapi moyo wa kukupunguzia elfu thelathini? Ni kopi hiyo. Na usidanganyike na nailoni ya boksi wala namba iliyogongwa chini ya chupa, siku hizi hata kopi zina namba.

Sisemi kopi zote ni mbaya. Armaf wana Club de Nuit Untold, Lattafa wana Ana Abiyedh Rouge, zote za Falme za Kiarabu, na zinafuata njia ileile ya 540. Tofauti ni kwamba hizo zinauzwa kwa majina yao wenyewe, na kwa bei ndogo sana kuliko hiyo.

Fundi_Maabara
Kuhusu kutoisikia: haikuyeyuka. Pua huzoea harufu inayokaa nayo karibu, na 540 ina ambroksani, kemikali ya harufu ambayo watu wengi wakishaivaa hawaisikii wenyewe huku jirani anaisikia vizuri. Pulizia kitambaa, kiache chumbani, toka nje upunge upepo, kisha rudi ndani. Au muulize konda, hao hawana haya.

Kwenye dagaa hakuna pafyumu itakayokusaidia, iwe ya laki saba au ya elfu saba. Harufu ya samaki inatokana na kemikali ziitwazo amini, ambazo ni alkali, pamoja na mafuta yaliyochacha yanayong'ang'ania nywele na nguo. Ndimu au siki ina asidi: inazifunga amini zisiruke hewani. Mafuta yanataka sabuni na maji ya moto. Kwa hiyo ndimu mikononi, sabuni, kilemba cha kazini kisiingie chumbani, ndipo ujipulizie. Ukipulizia juu ya dagaa utapata harufu mbili zinazogombana, na dagaa hashindwi.

BintiCapri
Mbona mnamshusha dada wa watu kwenye kopi kama vile laki saba si hela yake? Mimi ninayo ya kweli, nililetewa na ndugu. Nguoni inakaa mpaka kesho yake, na shingo nikiipaka mafuta ya mgando kwanza inadumu zaidi, maana ngozi kavu inapoteza harufu upesi. Ila joto la mchana la Mwanza linaifanya tamu kupita kiasi, ndani ya daladala iliyojaa utawaumiza watu vichwa. Puliza mara mbili basi, tena jioni.

Mamy, nitakupimia mililita 5. Ivae wiki nzima kwenye mambo yako, ndipo uamue.

MamaMizani
Asanteni jamani. Leo nilirudi kwa yule kijana, nikamwambia nachukua, ila aniandikie kwenye risiti kwamba ni orijino na akubali kuirudisha nikigundua si yenyewe. Bei ikashuka mpaka laki na themanini, nami sijafungua mdomo kuipunguza. Nikamwachia chupa yake.

BintiCapri, hizo mililita 5 nazitaka, ila nakulipa, si za bure. Nikiona inanifaa, ya kweli nitaiagiza giza lijalo, na mzee nitamwambia ikishafika. PuaYaNyegezi, hiyo Untold hapa Mwanza ipo, au mpaka Kariakoo?

PuaYaNyegezi
Ipo. Njoo PM nikuelekeze duka, ila nenda kuinusa asubuhi, kabla hujapitia Mwaloni.