Ulinganisho: Chuo Kikuu cha Pwani (Kilifi), TUM (Technical University of Mombasa, Tudor) au Bandari Maritime Academy, kwa mtoto anayetaka kazi ya bahari?

Mjomba_wa_Malindi
Salaam wakuu. Mpwa wangu amepata B- kwenye KCSE na akili yake yote iko baharini. Mamake anashikilia aende Nairobi, ati huko ndiko kwenye vyuo vyenye jina. Mimi nasema anayetaka kazi ya Pwani aisomee Pwani. Tumebaki na Chuo Kikuu cha Pwani hapo Kilifi na TUM ya Tudor, halafu jirani naye ametutia neno la Bandari Maritime Academy, chuo cha mabaharia cha Mombasa. Nilinganishieni, lakini tafadhali msiniambie "vyote ni vizuri".

Kaskazi
Kwanza muulize anataka bahari ipi. Ipo ya samaki, mikoko na matumbawe, na ipo ya meli, injini na kreni. Ya kwanza ifuate Kilifi: kuna digrii ya baiolojia ya bahari na uvuvi, kuna sayansi za mazingira, kuna kilimo. Ya pili iko Mombasa.

Ukitaka kujua kwa nini, angalia asili zao. TUM ilianza kama MIOME, taasisi ya ufundi ya vijana wa Kiislamu, na wazee wa Mombasa wengine hadi leo hawaiiti jina jingine. Mwaka 1972 ikawa Polytechnic. Ya Kilifi ilikuwa taasisi ya kilimo. Zote mbili zikafanywa vyuo vishiriki 2007 (Kilifi chini ya Kenyatta), na zote zikapata hati ya chuo kikuu kamili 2013. Ni kama pacha, ila mmoja kalelewa shambani na mwenziwe karakana.

FundiTudor
Naongezea hapo kwa Kaskazi. Watu wengi huchanganya uhandisi na ubaharia. Digrii ya mitambo au umeme ya TUM itamweka mpwa wako kwenye karakana, kiwanda, bandari, hata hotelini kwenye majenereta na mashine za baridi. Kupanda meli ni habari nyingine. Baharia anatakiwa awe na vyeti vya usalama vya kimataifa vya STCW (mkataba wa mafunzo ya mabaharia), awe na kitabu cha baharia, na akitaka kuwa ofisa lazima akusanye muda wa kukaa baharini ndipo afanyiwe mtihani. Hapa nchini msimamizi wa mambo hayo ni Kenya Maritime Authority.

Hapo kwenye kozi fupi za usalama ndipo Bandari inapofaa. Kwa hiyo si ama TUM ama Bandari. Wapo wanaopita kote kuwili. Lakini mkwamo mkubwa wa vijana wetu ni ule muda wa baharini: cheti cha darasani anacho, meli ya kumchukua hana. Muulize mapema atapata wapi nafasi, maana karatasi peke yake haimpandishi mtu melini.

BintiWaMnarani
Mimi nimesoma Kilifi, kwa hiyo nitavutia kwangu kidogo, mnisamehe 😊

Faida kubwa ya pale ni kwamba maabara yako iko nje ya geti. Ghuba iko chini pale, Mida Creek na Watamu haziko mbali. Tulikuwa tukienda kwenye bandari za wavuvi alfajiri kabla mama karanga, wale wauza samaki wa kukaanga, hawajanunua. Unamwomba mvuvi ruhusa, unalaza tafi kwenye ubao wa kupimia, unasoma urefu, unaandika chombo alichotumia: malema, nyavu, mshipi. Mzigo wa juya, ule wavu wa kukokota, ukiletwa unajua hata bila ubao, samaki hawafiki kiganja. Somo la uvuvi endelevu ukilipata hivyo halikutoki. Na mvuvi akikuuliza "sasa haya mnayoandika yatanisaidia nini?" utatafuta jibu mwenyewe, hakuna mhadhiri wa kukujibia.

Jambo la pili ni majirani. Kilifi kuna KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, na wenzao wa Wellcome wa Uingereza, wamefanya utafiti wa malaria pale kwa miongo. Chuo nacho kina kituo chake cha utafiti wa sayansi za viumbe. Kwa mtu wa sayansi, kukaa mji mdogo wenye maabara za namna ile si haba.

Ubaya wake? Mji wenyewe mdogo. Kazi za kujikimu ukiwa mwanafunzi ni chache kuliko Mombasa, na atachimenti (mafunzo ya kazini) nzuri zinagombaniwa.

MzeeWaKorosho
Nawasoma tu wanangu. Mnalinganisha kozi, mimi nalinganisha matunda. Chuo kiko hapa Kilifi, kwenye ardhi ya kilimo, jina lake Pwani. Kiwanda cha korosho kilikufa miaka ya 90 na mikorosho yetu mingi ni ile ile waliyopanda baba zetu. Minazi inaliwa na mdudu chonga, ukipanda juu unakuta kilele kimetobolewa, makuti yamekatwa kama kwa mkasi. Nilichokiona kuongezeka zaidi ni nyumba za kupangisha wanafunzi. Waliokuwa na ploti karibu na barabara wamefaidika, alhamdulillahi. Sisi wa ndani huko tunangoja nini?

BintiWaMnarani
Shikamoo mzee. Hoja yako ni ya haki, siipingi. Ila tusikibebeshe chuo mzigo wa wengine. Kilimo ni kazi ya kaunti kwa katiba, tangu ugatuzi wa 2013 maafisa wa nyanjani wako chini ya kaunti. Chuo kinaweza kuotesha miche bora na kujaribu dawa ya chonga, lakini wa kukuletea mlangoni ni afisa, na wa kununua korosho ni mfanyabiashara. Mnyororo ukikatika katikati, lawama huangukia yule mwenye jengo kubwa.

MzeeWaKorosho
Marahaba. Basi hao wanafunzi wa kilimo waje wafanyie mazoezi kwenye mashamba yetu, si kwenye shamba la chuo tu. Hilo halihitaji katiba.

Kaskazi
👆 Mzee kapiga ndipo.

Mwana_Gazi
Mfano uko kwetu Kwale. Mikoko ya ghuba ya Gazi ilifanyiwa utafiti na watu wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, miaka na miaka, na tulikuwa tukiwaona kama watu wa kupima miti tu. Kisha 2013 ikazaliwa Mikoko Pamoja: hekta 117 za mikoko, hewa ya kaboni inayofyonzwa na miti inauzwa kwa wanaotaka kufidia uchafuzi wao, fedha zinarudi Gazi na Makongeni kwa maji na shule, na wanakijiji wenyewe ndio wanaoamua. Baadaye Vanga nao wakafuata. Bila vile vipimo vya miaka yote hakuna mnunuzi ambaye angetoa hata senti.

Ndiyo maana mimi swali la "chuo kipi kina jina" halinishughulishi. Nauliza mradi wa mwisho wa mwanafunzi unaishia wapi. Ukiishia kwenye rafu ya maktaba, hata kiwe cha Nairobi ni bure. Kwa huyo binti au kijana anayependa viumbe vya bahari, mimi nasema Kilifi, halafu apiganie atachimenti KMFRI au kwenye mashamba ya mwani ya Kibuyuni. TUM nayo ina kampasi huku Kwale na Lamu, msiisahau.

Tsavo_Kijana
Na sisi wa Voi tumesahaulika kama kawaida. Taita Taveta University je?

FundiTudor
Haujasahaulika kaka, ila kwenu ni madini. Mwenye uzi anatafuta samaki 😂

Mjomba_wa_Malindi
Nimewasoma wote, shukrani sana. Ni binti, Mwana_Gazi. Nimemuuliza swali la Kaskazi, bahari ipi, akajibu bila kufikiri: viumbe, injini hataki kuzisikia. Kwa hiyo TUM na Bandari zimeondoka zenyewe. Mamake bado anasema Nairobi. Imebaki karo: Kilifi nafuu?

BintiWaMnarani
Karo isiwe ndiyo ya kuamua. Zote ni za serikali, na kwa mfumo ulioanza 2023 kiasi utakachochangia kinategemea hali ya familia: sehemu udhamini, sehemu mkopo, inayobaki ni yenu. Tofauti mtaiona kwenye kula na kulala. Kilifi hadi Malindi ni safari fupi, wikendi anarudi nyumbani kuchukua unga na nazi. Nairobi hilo halipo, mwambie dada yako apige hesabu ya chumba na nauli kwanza. Na ombi la udhamini na mkopo lijazwe kwa makini, kipato cha nyumbani kikiandikwa ovyo mtapangiwa kundi lisilo lenu.

Mwana_Gazi
Jingine dogo, mjomba: anajua kuogelea? Kama hajui aanze sasa kabla kusi haijachafua bahari. Inashangaza ni watoto wangapi wa Pwani wanaoingia kozi ya bahari wakiogopa maji ya kiuno.

Mjomba_wa_Malindi
Huyo? Huyo hutolewa majini kwa fimbo.