Kupunguza dirisha la Word bila mausi

Mama Chapa:
Habari zenu wadau. Nina kasteshenari hapa Sabasaba, Dodoma. Jana usiku panya kanitafunia waya wa mausi (chekeni tu), na tachipedi ya laptop ilishakufa, vumbi la huku mnalijua. Sasa kuna mwanafunzi wa UDOM kaniletea ripoti ya fildi, kurasa 40 za mkono, kazipiga picha kwa simu. Nataka picha ikae kushoto, Word kulia, nichape huku nasoma. Kitufe cha Windows na mshale wa kulia vinaipeleka Word nusu ya skrini, ila nusu ni kubwa mno. Mwandiko wenyewe kama kuku kaparura, picha inataka nafasi. Naipunguzaje kwa kibodi tu? Anaifuata saa kumi.

Mgogo wa Mjini:
Nunua mausi dada, mjini zimejaa.

Mama Chapa:
Duka namwachia nani, kaka?

Fundi Nkuhungu:
Mama, Word ikiwa mbele, shika Alt, bonyeza kile kitufe kirefu cha nafasi. Kitatokea kimenyu juu kushoto. Bonyeza S. Hapa ndipo wengi wanakwama: mshale wa kwanza haupunguzi kitu, unachagua ukingo tu. Wewe unataka ukingo wa kushoto, kwa hiyo mshale wa kushoto mara moja, halafu wa kulia mfululizo mpaka Word ibaki nyembamba. Maliza na Enter. Ukiharibu, Esc inarudisha ilivyokuwa. Mishale ikiruka sana, ishikie Ctrl, itatambaa taratibu. Dirisha la picha nalo hivyohivyo, ila ukingo wa kulia.

Mama Chapa:
S imepauka, haibonyezeki.

Fundi Nkuhungu:
Basi Word umeijaza skrini nzima. Kimenyu kilekile, bonyeza R kwanza, ndipo urudie. M ni ya kuhamisha, ikumbuke siku dirisha likipotelea nje ya skrini baada ya kuchomoa projekta. Na hizo ni herufi za Windows ya Kiingereza.

kibodi_tu:
Wa Ubuntu (mfumo mwingine, si Windows) tunatumia Alt na F8, basi.

Mama Chapa:
Imekubali! Niko ukurasa wa 12. Kumbe nilikoandika "mifuko" kote ni "mifugo". Narudi mwanzo.