Ushauri: Pengo la makala 2020 na 2021 kwenye maombi ya ruzuku, nilielezeje?

Njoro_Moshi: Wakuu, heshima kwenu. Ni mhadhiri hapa Moshi, naandika maombi ya ruzuku na mfadhili anataka orodha ya makala kuanzia 2018. Miaka 2020 na 2021 sina kitu. Utafiti ulihusu akiba ya chakula kwenye kaya za tambarare ya Hai. Awamu ya kwanza ilikuwa Aprili 2019, ya pili ikahama kutoka Aprili 2020 hadi Agosti, kisha 2021 mfadhili wa nje akakata bajeti. Niandike nini? Na data zile bado zinachapishika?

Kibosho_Juu: Usiandike "kazi ilikwama kwa sababu ya Uviko-19" ukaishia hapo. Kila mwombaji anaandika hivyo, mhakiki anapita tu. Taja kilichosimama, lini, na mlifanya nini badala yake: vyuo vilifungwa Machi 2020, vikafunguliwa 1 Juni, awamu ya pili ikahamia Agosti, awamu fulani ikafutwa baada ya bajeti kukatwa. Mistari mitano inatosha.

Kama fedha zilitoka kwenye misaada ya Uingereza, litaje hilo. Mwaka 2021 walishusha misaada kutoka asilimia 0.7 hadi 0.5 ya pato la taifa, na UKRI, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti, ikatangaza upungufu wa pauni milioni 120 kwenye utafiti unaotegemea fungu hilo. Barua ya marekebisho ya bajeti iambatishe, kama fomu inaruhusu.

Mama_Takwimu: Mwalimu, mimi naogopa zaidi hizo tarehe. Aprili ni masika, mahindi bado machanga shambani na maghala yanaelekea kuisha. Agosti watu wametoka kuvuna. Ukilinganisha Aprili 2019 na Agosti 2020 utaona akiba imepanda, na mtu atasoma kwamba janga halikugusa kaya. Ulichopima hapo ni msimu.

Usidai athari ya janga kwa data hizo. Kama dodoso lina swali la "gunia la mwisho liliisha mwezi gani", tumia hilo, maana linauliza mwaka mzima na halitegemei siku ya mahojiano. Kama halimo, chapisha awamu ya kwanza peke yake. Ni makala halali kabisa.

Njoro_Moshi: Ahsante sana mama. Swali hilo limo. Ila baadhi ya kaya zilihojiwa kwa simu.

Mama_Takwimu: Weka safu ya "simu/ana kwa ana" kwenye data, kisha chambua mara mbili, pamoja na kaya za simu na bila hizo. Majibu yakitofautiana sana, ripoti yote mawili. Linganisha pia, kwa takwimu za awamu ya kwanza, kaya ulizozipata na ulizozikosa. Wasio na simu mara nyingi ndio wenye akiba ndogo, wakikosekana wastani unapanda wenyewe. Na hakikisha kibali cha maadili kilirekebishwa kabla ya simu ya kwanza kupigwa, jarida litauliza.

Tengeru_Arusha: Naongeza la ada ya uchapishaji. Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, na baadhi ya wachapishaji hutoa msamaha kamili wa ada kwa nchi za kipato cha chini tu. Kwa hiyo bajeti iliyopangwa 2019 kwa kutegemea msamaha inaweza kuwa na shimo. Soma masharti ya jarida kwanza, na omba punguzo siku unayowasilisha makala. Wengi hawapokei ombi makala ikishakubaliwa.