Umeme kwa kila tani umepanda ilhali tanuru ni lile lile: kosa liko wapi?

Msimamizi wa Nishati (mwuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninasimamia nishati katika kiwanda kinachoyeyusha vyuma chakavu kwa tanuru la induksheni (linaloyeyusha kwa mkondo wa umeme unaopita kwenye koili, yaani waya uliozungushwa kulizunguka), kumimina bileti, yaani vipande virefu vya chuma, kisha kuzipasha upya na kuzibingirisha kuwa nondo. Uongozi hutupima kwa namba moja tu: kilowati-saa zote za mwezi zikigawanywa kwa tani zilizotoka. Mwezi uliopita namba hiyo ilipanda kutoka 720 hadi 830, na mafundi wa tanuru wakaambiwa wamezembea. Mimi niliyeshinda nao zamu kwa zamu sikuona uzembe wowote. Nilichoona ni kwamba oda zilipungua, tukazalisha tani 3,000 badala ya 6,000 tulizozoea. Je, kipimo hiki kinawatendea haki watu hawa? Na upotevu halisi niutafute wapi?

Mkaguzi wa Nishati

Ndugu, hakiwatendei haki, na nafurahi kwamba umeuliza kabla mtu hajaadhibiwa. Kiwanda cha chuma kina mzigo wa umeme usiojali tani: pampu za maji ya kupoza, feni za kufyonza vumbi, kompresa, taa, na umeme wa kulitunza tanuru lisipoe. Tuchukulie kwamba mzigo huo ni kilowati-saa 660,000 kwa mwezi, na kwamba kila tani inahitaji 610 za kwake. Ukizalisha tani 6,000, mzigo wa kudumu unaongeza 110 kwa kila tani, nawe unapata 720. Ukizalisha 3,000 unaongeza 220, nawe unapata 830. Namba zako zote mbili zimetoka bila fundi yeyote kubadili kitu. Miezi miwili haithibitishi jambo, kwa hiyo chora grafu ya angalau miezi 12, tani upande mmoja na kilowati-saa upande wa pili, kisha upitishe mstari katikati ya nukta. Mwezi unaokaa juu ya mstari ndio wa kuulizwa. Hata kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa nishati, ISO 50001, kilichotolewa mwaka 2011 na kurekebishwa mwaka 2018, kinataka msingi wa ulinganisho urekebishwe pale ambapo kitu kama kiasi cha uzalishaji kinaathiri matumizi kwa uzito.

Pale mstari unapoukata mhimili wa kilowati-saa ndipo penye mzigo wa kudumu, na hapo ndipo ningeanza kuchimba. Tembea kiwandani siku mitambo imesimama, usikilize hewa inavyovuja kwenye mabomba ya kompresa. Tazama pia feni zinazozunguka kwa kasi kamili huku mlango wa hewa umefungwa nusu: ukipunguza kasi ya feni kwa asilimia 20 kwa kifaa cha kurekebisha kasi ya mota, nguvu inayotumika hushuka hadi karibu nusu.

Fundi wa Tanuru

Nakubaliana na Mkaguzi, ila hiyo 610 nayo isichukuliwe kuwa amri ya maumbile. Kuyeyusha tani moja ya vyuma chakavu na kuifikisha kwenye nyuzi 1,600 hivi za Selsiasi kunahitaji, kwa hesabu ya joto peke yake, chini kidogo ya kilowati-saa 400. Kinachozidi katika tanuru kinapotelea kwenye koili, kwenye kuta na mdomoni. Mdomo ndio ninaousemea sana. Mionzi ya joto hukua kwa kipeo cha nne cha jotoridi halisi (linalohesabiwa kuanzia sifuri kamili), hivyo mdomo wa mita moja ya mraba ulioachwa wazi juu ya chuma kilichoyeyuka unaweza kutoa kilowati 200 na zaidi, muda wote ambao watu wanasubiri.

Nao husubiri mno! Mahali nilipofanya kazi tuliandika kwa wiki mbili sababu ya kila dakika ambayo chuma kilikaa tayari bila kumiminwa. Tulidhani kreni ndiyo itakayoongoza. Kumbe sehemu kubwa ya muda ilitokana na sampuli iliyopelekwa maabara kwa miguu, na majibu kurudi kwa njia hiyo hiyo. Tuliweka simu na mfuniko, basi.

Jambo jingine ni kutu na mchanga katika malighafi: huyeyushwa kwa umeme ule ule, na mwisho wake ni mavi ya chuma, yaani slagi. Vyuma vyenye maji visiingie kabisa, kwanza kwa usalama wa watu, kwa kuwa maji yakinaswa chini ya chuma kilichoyeyuka hulipuka.

Mhandisi wa Kubingirisha

Mnazungumzia umeme tu, na tanuru la kupashia bileti linasahaulika kwa sababu linatumia mafuta au gesi. Pima oksijeni katika moshi wake. Ikizidi sana asilimia 2 au 3, unapasha hewa isiyo na kazi na kuifukuza kupitia dohani, na hewa hiyo hiyo inaongeza magamba, yaani ganda la chuma kilichoungua kwa oksijeni, juu ya bileti. Chuma kinachopotea kwa magamba, mara nyingi asilimia 1 hadi 2, kilikwisha kulipiwa umeme wa kuyeyushwa. Na kama bileti zinatoka kwenye mashine ya kumimina zikiwa nyekundu, kwa nini zilale uwanjani hadi zipoe ndipo zipashwe tena hadi nyuzi 1,100 na zaidi? Kuziingiza zikiwa moto kunahitaji ratiba ya pamoja kati ya idara mbili, na kwa uzoefu wangu ratiba hiyo ni ngumu kuliko mtambo wowote.

Msimamizi wa Nishati

Nawashukuru kwa dhati. Nimechora miezi 14, na nukta karibu zote zinaufuata mstari. Mwezi uliolaumiwa umekaa chini yake kidogo. Grafu hiyo nimeipeleka kwa uongozi pamoja na ombi la mita tatu tofauti, za tanuru, kompresa na pampu, na kuanzia zamu ya usiku wa leo tunaandika dakika za kusubiri.