Ushuru wa molasi ulipunguzwa mwaka 1764: kwa nini walowezi wa Amerika walikasirika?

Swali
Ndugu zangu, kuna jambo linalonitatiza katika historia ya makoloni ya Uingereza huko Amerika Kaskazini. Sheria ya mwaka 1733 ilitoza peni 6 kwa kila galoni ya molasi (maji mazito matamu yanayobaki miwa ikitengenezwa sukari) iliyotoka visiwa vya kigeni, yaani visivyo vya Uingereza, lakini mwaka 1764 Bunge la London lilishusha ushuru huo hadi peni 3. Mwaka 1773 hata chai ilishuka bei. Iweje watu wafanye ghasia kwa kupunguziwa?

Jibu la kwanza
Ndugu, zile peni 6 zilikuwa za kwenye karatasi tu. Wafanyabiashara wa Boston na Rhode Island, waliohitaji molasi ya kutengenezea ramu, waliiingiza kwa magendo au kwa kumpa ofisa wa forodha chochote, na kwa miaka 30 hivi mambo yalikwenda hivyo. Uingereza ilipotoka katika Vita vya Miaka Saba (1756–1763), ilivyopigana na Ufaransa, ikiwa imelemewa na madeni, ndipo ilipoamua kukusanya kwelikweli. Aliyekamatwa aliweza kushtakiwa Halifax, mji wa mbali huko Nova Scotia, katika mahakama ya bahari isiyo na juri (raia wanaoamua kesi), ambako mwenye mali ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba hakuvunja sheria. Naona hilo liliwauma kuliko ushuru wenyewe.

Jibu la pili
Nakubali, ila tusiwafanye wote kuwa watu wa magendo. Mwaka 1766 ushuru wa molasi ulishuka hadi peni 1, na ukalipwa bila kelele nyingi. Sheria ya Stempu ya mwaka 1765, iliyotoza kodi karatasi zilizochapwa na hati, ndiyo iliyochoma, kwa sababu iligusa magazeti, hati za mahakama na leseni, yaani iliwachokoza wachapishaji na mawakili, watu wasiokosa pa kusemea. Hoja yao ilikuwa kwamba Bunge wasilo na mwakilishi ndani yake haliwezi kuwatoza kodi. Sheria hiyo ilifutwa Machi 1766, lakini papo hapo Bunge likatangaza kwamba lina mamlaka ya kuwatungia sheria katika mambo yote.

Jibu la tatu
Kuhusu chai, Kampuni ya India Mashariki, kampuni kubwa ya biashara ya Uingereza, iliruhusiwa kuwauzia walowezi kupitia mawakala iliowateua yenyewe, na huko Boston wawili kati yao walikuwa wana wa Gavana Thomas Hutchinson. Wafanyabiashara wengine, wa halali na wa magendo, waliachwa nje. Zaidi ya hayo, ushuru wa peni 3 kwa ratili ulibaki, hivyo kuinunua chai hiyo, hata kwa bei nafuu, kulikuwa ni kuikubali kodi. Tarehe 16 Desemba 1773 makasha 342 ya chai yakatupwa baharini Boston; Philadelphia meli ilirudishwa na shehena yake, na Charleston chai ikafungiwa ghalani.